Kusafisha na Kutunza Bunduki Kongwe ya .22 katika Hewa ya Visiwani

Bunduki kongwe ya .22 iliyowekwa katika nyumba ya Unguja au Pemba haiharibiwi na risasi zilizopita ndani yake. Risasi zake ni ndogo, zenye kipenyo cha kiasi cha milimita 5.6, ni laini, na nyingi hupakwa nta au shahamu, kwa hiyo mtutu uliotunzwa hupitisha maelfu kwa maelfu ya risasi hizo kabla ya kuchakaa. Kinachoiharibu ni unyevu wenye chumvi unaoingia majumbani mwetu mwaka mzima, na baada ya huo, mkono wa mwenyewe anayesugua kupita kiasi kwa nia njema. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo lisilorekebishika, kwani kutu hutolewa, lakini chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Kwanza kabisa ni suala la kibali. Bunduki, hata iwe ya babu na imekaa sandukuni tangu wakati wa ukoloni, ni silaha, na mwenye kuimiliki lazima awe na leseni yake. Aliyeikuta katika mali ya mirathi asiibebe mitaani kumpelekea fundi, bali aende kituo cha polisi bila ya bunduki, aeleze alichokikuta, na afuate atakavyoelekezwa. Risasi za zamani zilizokutwa pamoja nayo zisijaribiwe hata moja. Nazo zikabidhiwe polisi.

Kila mara kabla ya kuisafisha, elekeza mdomo wa mtutu pasipokuwa na mtu, toa magazini (kikasha cha risasi) ikiwa ipo, fungua mtambo, yaani sehemu ya chuma iliyo nyuma ya mtutu inayoingiza na kufyatua risasi, kisha tazama ndani ya chumba cha risasi kwa jicho na ukiguse kwa ncha ya kidole au kijiti. Bunduki nyingi za zamani huhifadhi risasi katika bomba refu lililo chini ya mtutu au ndani ya kitako, na ndani ya bomba hilo risasi moja yaweza kunasa ikadhaniwa kuwa haimo. Risasi zote ziwekwe katika chumba kingine cha nyumba kabla ya kufungua chupa ya mafuta. Kazi yenyewe ifanyike penye hewa, mbali na watoto na mbali na chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, kwa sababu masizi yanayotoka mtutuni yana madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu.

Inafaa pia kujua bunduki ni ya zama gani. Risasi ya .22 Long Rifle, inayotumika zaidi hadi leo, ilitolewa na kampuni ya J. Stevens ya Marekani mwaka 1887. Katika risasi za aina hii, kemikali ya kuwashia baruti imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda linaloshika baruti, na pini ya bunduki huupiga ukingo huo badala ya katikati. Mpaka miaka ya 1920, kemikali hiyo kwa kawaida ilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikishaungua huacha chumvi inayovuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana bunduki nyingi za zama hizo, zikiwemo za kampuni ya BSA zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, hukutwa na vishimo vya kutu ndani ya mtutu ingawa nje zinang'aa. Chumvi hiyo haiyeyuki kwa mafuta. Huyeyuka kwa maji. Kwa hiyo mtutu wa bunduki kongwe ambayo historia yake haijulikani upitishwe mara moja kitambaa kilicholowa maji ya moto, ukaushwe hapo hapo kwa vitambaa vikavu mpaka vitoke bila ya unyevu, halafu upakwe mafuta. Risasi za siku hizi hazina chumvi hiyo, na kwa mwenye kutumia hizo pekee hapana haja ya kurudia.

Vifaa ni vichache: ufito mwembamba wa kusafishia wa kipimo cha .22, ikiwezekana wa kipande kimoja na uliofunikwa plastiki, brashi ya nyuzi za shaba ya kipimo hicho hicho, vipande vidogo vya kitambaa cha pamba, ambavyo fulana kuukuu au kanga iliyochakaa hutosha kuvitoa, mswaki mkuukuu, na mafuta mepesi ya mashine. Ama bisibisi, iwe na ncha inayojaa mfereji wa parafujo sawasawa. Bisibisi jembamba kuliko mfereji ndilo lililoharibu vichwa vya parafujo za bunduki nyingi za kale, na thamani ya bunduki hushuka kwa alama hizo kuliko inavyoshuka kwa rangi iliyofifia. Parafujo iliyoshikwa na kutu itiwe tone la mafuta ya taa na iachwe usiku kucha kabla ya kujaribiwa tena. Ikikataa, iache. Kwa usafi wa kawaida hapana haja ya kuifungua bunduki yote, bali hutosha kuutenganisha mtambo na kitako kwa nadra, pengine mara moja kwa mwaka, ili kutazama chuma kilichofichwa na mti, kwani huko ndiko kutu hujijenga bila ya kuonekana.

Mtutu husafishwa kutoka nyuma kwenda mbele. Sababu yake ni kwamba ukingo wa mdomo ndio unaoigusa risasi mwisho kabisa, na ukilika upande mmoja kwa kusuguliwa na ufito, gesi hutoka kwa upande huo kwanza na risasi huenda kombo, hata kama mifereji yote ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi, ni mizima. Katika bunduki nyingi zenye komeo la kuvuta, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, komeo hutoka lote ukishikilia kifyatulio huku ukilivuta nyuma, na ufito hupita hapo. Kuna bunduki za zamani ambazo ufito haupitiki kwa nyuma. Kwa hizo tumia kamba ya kuvutia kitambaa, iliyopitishwa kutoka chumba cha risasi na kuvutwa moja kwa moja mdomoni bila ya kuegemea ukingo.

Pitisha kwanza kitambaa chenye mafuta kidogo, ngoja kwa muda wa robo saa, kisha vitambaa vikavu mpaka weusi upungue. Usingojee kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia, kwani mtutu wa .22 hufanya kazi vizuri ukiwa na utando mwembamba wa nta ya risasi ndani yake, na utando huo huukinga chuma. Brashi ya shaba itumike tu pale ambapo bunduki imeanza kupoteza shabaha au ambapo vipande vya kijivu vya madini ya risasi vinaonekana miferejini. Mimi naona brashi imekwaruza mitutu mingi zaidi ya iliyoiokoa.

Chumba cha risasi ni jambo jingine, na hapa usafi hauzidi. Uchafu mgumu wa nta na masizi hujikusanya kama pete mbele ya ganda, hasa kwa aliyezoea kutumia risasi fupi za .22 Short katika bunduki ya Long Rifle, na baadaye risasi ndefu huwa haziingii au ganda hukwama. Pete hiyo hulainishwa kwa mafuta na kuondolewa kwa brashi iliyozungushwa kwa mkono taratibu. Uso wa komeo na kucha ya kutolea ganda visuguliwe kwa mswaki. Katika bunduki kongwe usifyatue hovyo chumba kikiwa kitupu, kwa sababu pini isiyokuta ganda huweza kupiga ukingo wa chumba chenyewe na kuacha kovu linalozuia risasi kuingia.

Kutu ya nje ipakwe mafuta, iachwe ilainike, kisha isuguliwe polepole kwa nyuzi laini kabisa za chuma, si zile za kusugulia masufuria. Msasa usisogezwe karibu. Rangi ya buluu iliyokoza inayoonekana juu ya chuma cha zamani ni kinga, na msasa huiondoa pamoja na kutu.

Wengi huuliza kuhusu mafuta yetu wenyewe. Mafuta ya nazi hayafai, kwani huchacha, huganda na kuukwamisha mtambo. Mafuta ya karafuu, kama yanayotengenezwa kwa makonyo (vikonyo vya karafuu) kule Wawi, Pemba, yana sifa yake: Wajapani tangu kale hupaka panga zao mafuta yenye harufu ya karafuu. Lakini hayo huwa ni mafuta mengine yaliyotiwa karafuu kidogo tu. Mafuta matupu ya karafuu ni makali, hulainisha vanishi ya kitako na kuharibu plastiki, kwa hiyo yabaki dukani kwa muuza dawa. Mafuta ya cherehani yanatosha, kwa tone moja moja.

Kitako kilichotengenezwa kwa mti wa jozi hufutwa kwa kitambaa kikavu, na ukavu ukizidi hupakwa mafuta ya kitani kidogo sana kwa kiganja. Kitambaa kilichotumika kwa mafuta hayo kitandazwe nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto na kuwaka chenyewe.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kabati la chuma lenye kufuli lisiegemezwe ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwani ukuta huo hunyonya maji na kuyatoa, na ghorofa ya juu ni bora kuliko ya chini. Ala ya ngozi ni ya safarini, si ya kuhifadhia, maana ngozi hushika unyevu. Bunduki isimamishwe mdomo ukiwa chini, juu ya kitambaa, ili mafuta yaliyozidi yasiteremke na kuuozesha mti. Tia ndani vifuko vya chembechembe za kukausha hewa na uvikaushe kila vinapolowa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ifute kila wiki. Wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu zaidi, mara moja kwa mwezi inatosha. Kila mtu aliyeishika kwa mkono mtupu ameiachia jasho lenye chumvi, kwa hiyo futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuifungia.

Siku ya kuitumia kwa kibali, pitisha kitambaa kikavu mtutuni na katika chumba cha risasi kwanza, kwa kuwa mafuta yaliyobaki huipotosha risasi ya mwanzo. Mtutu wenye vishimo vya kutu bado huweza kulenga vizuri, ila madini ya risasi hunasa vishimoni haraka, na mwenye bunduki ya namna hiyo atalazimika kuisafisha mapema zaidi ya mwenye mtutu laini.