Jinsi ya kupeleka msaada shule ya watoto viziwi, kwa tulioko Mtwara na jirani

Hela za mnada wa korosho zikishaingia, kila kikundi huku kinataka kutoa msaada. Safi sana, ila kuna utaratibu.

Hatua ya 1: Piga simu kwanza. Ongea na mkuu wa shule au matroni, uliza kinachopungua ni nini. Mkikisia mtaleta madaftari na biskuti afu bwenini sabuni imeisha na mabinti hawana pedi. Ulizeni na siku, wakati wa mitihani msiende.

Hatua ya 2: Manunuzi. Mmoja apokee michango, mwingine anunue, risiti zote zirushwe kwenye grupu. Maharage fungua kiroba uangalie, yaliyobunguliwa hata kama ni bei chee achana nayo.

Hatua ya 3: Betri za shimesikio, kile kifaa cha sikioni kinachosaidia kusikia. Hizi wachangiaji wengi hawazifikirii kabisa na ndo zinaisha kila mara. Zina saizi zake, stika ya bluu ni 675, ya chungwa ni 13, ya kahawia ni 312, kwahiyo mwalimu akutajie namba kabla hujalipa. Na ile stika usiibandue eti unajaribu, betri inatumia hewa, ukibandua tu imeshaanza kazi na itaisha hata ikiwa imekaa kwenye droo. Shimesikio la bibi yako alilokuwa akitumia pia usimletee mtoto avae hivihivi, lile linapimwa na mtaalamu kwa sikio la mwenyewe.

Hatua ya 4: Makabidhiano. Kirikuu itangulie na mzigo, mtunza stoo ahesabu, aandike kwenye leja, msaini. Hotuba fupi jamani.

Hatua ya 5: Kaeni na watoto. Mi naona hapa ndo penyewe, na ndipo wageni wengi wanakimbilia gari. Kabla ya kwenda jifunzeni hata salamu na jina lako kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, watu wa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) wanaweza kuwaelekeza. Ukimwita mtoto mpungie mkono au mguse begani taratibu, darasa zima ukilitaka zima taa uwashe. Kupaza sauti hakusaidii kitu. Ukiongea usilipe dirisha mgongo, jua letu hili linakufanya uso uwe mweusi tii na wao wanasoma uso pamoja na mikono, halafu mwangalie mtoto mwenyewe, sio mwalimu anayetafsiri. Makofi ni mikono juu, viganja vinatikisika. Wakikuzoea watakupa jina la alama, mwenzetu mmoja ana mwanya, walimwangalia kidogo tu wakaanza kumwita kwa kidole kwenye meno ya mbele, na hawakumwuliza!

Hatua ya 6: Picha. Ombeni ruhusa ya shule na ya mtoto. Kumpanga mtoto ashike mfuko wa sukari huku mnatabasamu, hapana, pigeni mzigo na leja inatosha.

Hatua ya 7: Mwezi ukiisha mpigie tena matroni, uliza sabuni imefikia wapi, na betri kama namba zilikuwa zenyewe.