Binti kaanza kubalehe mapema? Vipimo vya damu vya kuulizia

Mama zangu wa Tanga, msiseme tu mtoto kanenepa. Binti wa dada yangu hapa Ngamiani ana miaka 6 na nusu, juzi namwogesha nikagusa chini ya chuchu nikakuta kigumu kama punje ya kunde, akaruka kwa maumivu. Titi likianza kabla ya miaka 8 usisubiri, mpeleke kwa daktari wa watoto.

Kipimo kikubwa ni LH, homoni inayotoka kwenye tezi chini ya ubongo na kuamsha ovari. Damu itolewe asubuhi mapema sababu LH hupanda usiku, na uliza kabisa kama mashine ya maabara inasoma viwango vidogo, la sivyo hela inapotea bure. Ikizidi 0.3 IU kwa lita daktari anaanza kushuku balehe ya kweli, ile inayoanzia kwenye ubongo, ikiwa chini bado haijafuta shaka yote, kuna sindano ya kuichokoza halafu damu inatolewa tena, mara nyingi ikivuka 5 ndo balehe ya kweli hiyo. FSH, homoni nyingine ya tezi hiyohiyo, peke yake haisaidii sana. Estradioli, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, ikiwa juu na LH imelala, ovari ziangaliwe kwa ultrasaundi, na sema kama kuna jeli au krimu ya homoni nyumbani. TSH, kipimo cha tezi ya shingo, nayo muhimu, tezi hiyo ikizembea inaweza kuleta haya.

Akianzishiwa sindano za kuzuia balehe, LH inaweza kupimwa dakika 30 hadi 60 baada ya sindano, inatakiwa ibaki chini. Pima maabara ileile kila mara.