Jinsi ya kuwasikiliza wahafidhina wa Marekani ukiwa Kisumu

Mimi ni mhafidhina na sioni haya kulisema. Naamini mtoto aliye tumboni ana haki ya kuishi, familia ndiyo shule ya kwanza, na serikali isiyowekewa mipaka huishia kumla mwananchi aliyeiweka. Nilifundisha historia katika shule za upili hapa Kisumu hadi nikastaafu, na vijana wa kanisa letu kule Manyatta bado wananiita Madam. Hao ndio sababu ya mwongozo huu. Kila Jumapili wananiletea klipu za watangazaji wa Marekani pamoja na hasira ambayo hawajui imetoka wapi.

Anza na saa. Vipindi vikubwa vya maoni kule huenda hewani saa mbili usiku kwa saa za New York. Hapa huwa ni saa tisa usiku, au saa kumi wakati wa baridi yao. Sisi tumelala. Tunachoamka nacho ni kipande cha dakika moja kilichokatwa na mtu mwenye nia yake. Kabla ya kukitupa kwenye kundi la WhatsApp, tafuta kipindi kizima. Bando likiwa dogo, tafuta maandishi yake, kwani hayali data kama video.

Ujue pia kwamba unayemsikiliza ni mtetezi wa upande mmoja. Hadi 1987 vituo vya redio na televisheni vya Marekani vilikuwa na sharti la kuzipa nafasi pande zinazopingana katika mambo yenye utata. Sharti hilo likaondolewa enzi za Rais Ronald Reagan, mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji mhafidhina wa redio, akaanza kusikika nchi nzima, na 1996 Fox News, televisheni inayoegemea wahafidhina, ikafunguliwa. Siwalaumu. Wahafidhina walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba vyombo vikubwa haviwapi sikio, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ila ushahidi wa upande wa pili utautafuta mwenyewe.

Sasa hatua ninayoipa uzito kuliko nyingine. Ukisikia "Marekani imepiga marufuku" au "Marekani imeruhusu", uliza ni nani hasa: rais, Bunge, mahakama au jimbo?

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iitwayo Dobbs, iliifuta hukumu ya Roe v. Wade ya 1973, iliyosema Katiba yao inalinda haki ya kutoa mimba. Vijana walinijia wakisema Marekani imeharamisha utoaji mimba. Nilifurahi pamoja nao, kisha nikawaketisha. Mahakama haikuharamisha chochote. Ilisema Katiba ya Marekani haitoi haki hiyo, hivyo jambo lirudi kwa wananchi na wawakilishi wao. Texas wakafunga mlango, California wakaufungua zaidi. Na Kansas, jimbo ambalo kwa miongo mingi limempigia kura mgombea urais wa Republican, chama cha wahafidhina wengi, wapiga kura walikataa Agosti 2022 kuiondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo lao.

Matokeo ya Kansas yaliniuma. Hata hivyo nawaambia vijana kwamba hivyo ndivyo wahafidhina wenyewe walivyoomba kwa miaka karibu 50: wanaoishi karibu na jambo waliamue. Hatuwezi kutaka uamuzi ushuke kwa wananchi siku tunayoshinda tu.

Kisha fungua Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, uisome kando ya habari hiyo. Inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Inasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Katiba yetu imelitaja jambo hilo waziwazi. Yao imelinyamazia, na katika ukimya huo ndimo ugomvi wao ulimozaliwa. Tena kaunti zetu 47 zinasimamia hospitali nyingi, lakini sheria ya jinai ni ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo Kisumu haiwezi kuweka adhabu yake na Nakuru ikaweka nyingine. Kijana anayesema "nasi tufanye kama Texas" hajajiuliza ni nani hapa mwenye uwezo wa kufanya hivyo.

Agizo la rais nalo lisikupigishe vigelegele mapema. Mwaka 1984 Reagan alizuia msaada kwa mashirika ya nje yanayotoa au kutetea utoaji mimba. Clinton akaliondoa zuio hilo 1993, Bush akalirudisha 2001, Obama akaliondoa 2009, Trump akalirudisha 2017, Biden akaliondoa 2021, Trump akalirudisha Januari 2025. Kliniki za Nyanza zimepangua na kupanga kazi zao kila ikulu ile ilipobadilisha mwenyeji. Ukitaka kujua kama jambo litadumu, angalia kama limepita Bungeni na kuwa sheria.

Halafu uliza ni mhafidhina wa aina gani anayezungumza, maana hawafanani. Sisi wa kando ya ziwa tunalijua hili kwa makaburi. Miaka ile ya Ukimwi tulikuwa tukizika kila wikendi, na darasani nilikuwa na mayatima wengi kuliko nilivyoweza kuwafariji. Aliyeanzisha PEPFAR mwaka 2003, mpango wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano dhidi ya Ukimwi, ni George W. Bush, mtu wa Republican na mpinzani wa utoaji mimba. Wapo wanafunzi wangu walio hai leo, wana watoto, kwa sababu ya dawa hizo. Aliyesimamisha misaada ya nje kwa siku 90 mnamo 20 Januari 2025 ni Donald Trump, naye wa Republican. Wahudumu wa kliniki hapa kwetu walirudishwa nyumbani, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikakoma kusimamia misaada.

Nilisikiliza watangazaji wa upande wangu wakishangilia. Hoja yao kwamba nchi inayomtegemea mgeni kwa dawa za watu wake imejiweka rehani ni ya kweli, na wabunge wetu wanapaswa kuijibu kwa bajeti. Lakini kumkatia mgonjwa dawa ghafla si uhafidhina. Mhafidhina hubadilisha mambo polepole, akijua ni nani ataumia, na hilo nitamwambia yeyote hata kama tunakubaliana katika mengine yote.

Katika biashara ni vivyo hivyo. Reagan alihubiri soko huria. Trump alitangaza ushuru kwa bidhaa zinazoingia Marekani tarehe 2 Aprili 2025, Kenya ikapangiwa asilimia 10. Wote wanaitwa wahafidhina. Mjadala wao wa bunduki nauruka, kwa kuwa haki ya kumiliki bunduki imeandikwa katika marekebisho ya pili ya katiba yao, ya 1791, nasi hatuna kifungu kama hicho.

Ukimaliza kusikiliza, andika kwenye daftari ni nani ameamua, kwa chombo gani, na ni nini kitakachofika hapa. Sehemu ya mwisho ikibaki tupu, iache klipu ipite, na muda huo upeleke kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Ulizia tarehe katika ofisi ya wadi yako, beba nakala ya bajeti ukiwa umeipigia mstari sehemu ya dawa, na uketi mbele ili upate nafasi ya kuuliza.