Somo: kuandika kumbukumbu za raia waliodhurika na mashambulizi ya anga, kwa mifano ya Yemen

Kwanza, subiri kabla ya kusogelea mahali palipopigwa. Ukumbi wa msiba wa Sana'a ulipigwa tarehe 8 Oktoba 2016, na bomu la pili likaanguka dakika chache baada ya la kwanza, waokoaji wakiwa wameshaingia. Chuma ambacho hakijalipuka usikiguse, hata kwa fimbo.

Pili, picha. Anza mbali, jengo lionekane pamoja na kitu kisichohama, kama mnara wa msikiti. Sogea katikati, kisha karibu. Pima kipenyo na kina cha shimo. Andika latitudo na longitudo kwa tarakimu 5 baada ya nukta. Hapo unakosea kwa mita moja hivi tu.

Tatu, vipande vya bomu. Kazi nyingi huharibikia hapa: mtu anapiga picha rundo la vyuma vilivyokunjamana na kuondoka. Tafuta pezi la mkia au bamba lenye maandishi. Lipige kama lilivyolala, kisha weka rula pembeni na mulika tochi kwa ubavu ili herufi zilizochongwa zitoe kivuli. Unachotaka ni namba ya kipande na msimbo wa CAGE, wenye herufi na tarakimu 5 kwa jumla, unaomtaja mtengenezaji. Basi la watoto wa shule lilipopigwa Dahyan, mkoa wa Saada, tarehe 9 Agosti 2018, vipande vya namna hii vilionyesha bomu la MK 82, la kilo 227 hivi, lililotengenezwa Marekani. Msimbo hausemi nani alilidondosha; usiandike zaidi ya hapo.

Nne, majina. Andika yote manne: la mtu, baba, babu na ukoo, kwa herufi za Kiarabu kwanza. Ukianza na za Kilatini, Mohammed na Muhammad watahesabiwa maiti wawili. Majeruhi akifariki baadaye, mhamishe safu, usimwongeze upya.

Tano, faili. WhatsApp hupunguza ubora wa picha na kufuta taarifa za saa na mahali. Chukua faili la asili, litolee alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa) siku hiyohiyo, weka nakala tatu, moja nje ya mji.

MASWALI

Shuhuda kasema "saa kumi" kwa Kiarabu. Niandike hivyohivyo?
Hapana! Yemen na sisi saa zetu ni moja, ila saa kumi yake ya asubuhi ni saa nne yetu. Andika 10:00. Ukiwa na shaka, muulize ilikuwa kabla au baada ya swala gani.

Kama ndani alikuwamo mpiganaji?
Anaandikwa, kwenye safu yake. Usipojua, andika "haijulikani". Usikisie kwa jinsia wala umri.

Setilaiti za bure zinatosha?
Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10. Ghala lililoungua utaliona, chumba kimoja kilichobomoka hutakiona.

Majina ya mashuhuda yakae wapi?
Faili tofauti, lililofungwa kwa nywila. Kwenye ripoti tumia namba, na umwambie shuhuda mapema nani atasoma maneno yake.