Paa la Boxster ya zamani likigoma kufunguka
Paa la turubai la Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza haliendi mpaka swichi ya gari iwashwe, breki ya mkono ivutwe na komeo lililo juu ya kioo cha mbele lifunguliwe. Basi kabla ya kununua mota, ambayo ni ghali, kagua fyuzi, hakikisha taa ya breki ya mkono inawaka kwenye dashibodi, kisha fungua komeo huku ukitazama vioo vya milango: visiposhuka kidogo, shuku swichi ndogo iliyo ndani ya komeo. Mota ikinguruma na upande mmoja wa paa umesimama, tafadhali achia kitufe papo hapo, kwani huenda kebo inayozungusha gia za upande huo imekatika au imechomoka, na kuendelea kubonyeza kunaweza kupinda fremu nzima.