Kusomea Upigaji wa Eksirei na Skani Ukitokea Kisumu au Nakuru

Kwanza tofautisha kazi mbili. Radiografa ndiye anayempanga mgonjwa na kupiga picha. Daktari wa radiolojia huisoma na kuandika ripoti. Ukitaka ya pili, jiandae: udaktari miaka 6, mwaka wa mafunzo kazini hospitalini, kisha shahada ya uzamili. Wengi huingia kwa njia ya kwanza.

Diploma ya KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya) huchukua miaka 3, na maombi hupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo. Wastani wa C wazi katika mtihani wa KCSE ndio mlango. Kwa shahada, C+. Ila wastani haukutoshi: Biolojia na Fizikia huangaliwa pekee yake, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu waliiacha Fizikia kidato cha tatu. Soma masharti ya kampasi moja moja kabla ya kuchagua, kwani kozi hii haifundishwi kila mahali.

Ultrasaundi (skani ya mawimbi ya sauti) kwa kawaida husomewa baadaye, kama diploma ya juu. Jihadhari na vyuo vya ghorofani vinavyotoa cheti cha skani kwa wiki chache. Kabla ya kulipa karo, uliza mambo mawili: kozi imeidhinishwa na nani, na mazoezi yatafanyika hospitali gani? Hospitali kubwa kama Jaramogi pale Kisumu (wenyeji bado huiita Russia) ina wagonjwa wa kila aina, na mkono hunolewa na wagonjwa.

Ukiwa kwenye mazoezi, vaa dosimita, kifaa kidogo kinachopima mionzi inayokufikia, kifuani kila siku. Kikomo cha kimataifa cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka. Dosimita iliyosahaulika drooni haipimi chochote.