Bei uliyoikata mstari inaporudi: barua pepe kugeuzwa maandishi matupu

Duka la vitenge Kariakoo linawatumia wateja orodha ya bei. Bei ya zamani, 30,000 kwa doti, imekatwa mstari. Pembeni yake imewekwa 25,000 kwa rangi nyekundu. Mteja anayesoma maandishi matupu, yaani maneno bila mapambo yoyote, anaona "30,000 25,000" basi, na ana haki ya kuuliza alipe ipi.

Barua yenye mapambo kwa kawaida hubeba nakala mbili za ujumbe uleule: text/plain (maandishi matupu) hutangulia, text/html (yenye mapambo) hufuata. Programu ya mpokeaji huonyesha ya mwisho kati ya zile inazoziweza. Ile ya kwanza hukuiandika wewe. Programu yako imeitengeneza kwa kung'oa tagi za HTML, yaani alama zinazobeba mapambo, na kubakiza maneno. Herufi nzito mara nyingi huzungushiwa *vinyota*. Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, huweka /mikwaju/ kwenye herufi za mlazo na _mistari ya chini_ kwenye maneno yaliyopigiwa mstari. Rangi na ukubwa wa herufi havina alama mbadala, kwa hiyo hupotea.

Jedwali ndilo balaa lenyewe. Seli huangushwa moja baada ya nyingine, na kwenye orodha ya bidhaa ishirini bei huachana na jina la bidhaa yake. Usilitume jedwali mwilini mwa barua. Andika kila bidhaa mstari wake: "Kitenge, doti 1: bei mpya 25,000, ya zamani 30,000". Orodha ikiwa ndefu, iambatanishe kama PDF.

Kabla ya kuwatumia wateja, jitumie mwenyewe. Kwenye Thunderbird fungua View, kisha Message Body As, chagua Plain Text. Kwenye Gmail ya kompyuta, bofya nukta tatu za ujumbe, chagua Show original, halafu tafuta text/plain. Ukikuta alama kama =E2=80=93, au herufi zilizoshonana zisizosomeka, usihangaike: huo ni ufungashaji wa safarini, na programu ya mpokeaji huufungua.

Ukiamua kuandika matupu tangu mwanzo, washa Plain text mode ya Gmail kabla ya kuandika, maana ukiiwasha baadaye mapambo yanafutika na kuizima hakuyarudishi.

Kagua pia sahihi yako. Nembo hugeuka [image: nembo.png], au haionekani kabisa, na namba ya simu iliyochorwa ndani yake huondoka nayo. Iandike kwa tarakimu chini ya jina.